Nyuzi Katika Sufuria ya Mama Mkwe

Kitbok angekuwa na akili ya kwenda dukani kununua nyuzi mpya za gitaa lake kama watu wengine, mtaa wetu wa Lumsohiong ungekosa cha kusema mwaka mzima. Lakini mpiga besi hanunui nyuzi mpya. Mpiga solo ndiye anayenunua, tena kila baada ya shoo mbili, kwa sababu zake ni nyembamba na bei yake haizidi sahani ya wali na nyama. Nyuzi za besi ni nene kama waya wa kuanikia nguo, na bei yake inamfanya mwanamume mwenye mke aangalie pembeni. Zikishaingia ndani zinakaa humo humo kwenye gitaa mpaka zinazeeka pamoja na mwenyewe.

Za Kitbok zilikuwa zimekufa kabisa. Alikuwa akizigusa zinatoa mlio wa mtu anayepiga teke gunia la viazi. Zilikuwa zimekula jasho la vidole, mafuta ya nguruwe na ukungu wa Shillong, mji wetu wa vilimani, huu unaoingia mpaka kwenye soksi zilizo kabatini. Na Jumamosi bendi ilikuwa na shoo kwenye fainali ya kombe la mtaa, uwanja mzima, spika za kukodi.

"Sambor," alimwambia mpiga solo wao kwa simu, "nyuzi zangu zimekufa."

"Zizike."

"Nasema kweli, bwana."

"Na mimi nasema kweli. Kwani nani anakusikia wewe? Simama pale, tingisha kichwa, basi."

Hayo ndiyo mapenzi ya bendi. Kitbok alikuwa muuza mabomba na koki za maji kwenye duka la mtu, na kwa miaka mingi jambo moja tu lilimfanya ajione ni mtu: lile besi la mbao nyeusi lenye mikwaruzo, alilolinunua mkononi kwa mtu kabla hajaoa. Alilijua kuliko alivyomjua mkewe. Masika shingo yake ikipinda kwa unyevu, aliinyoosha kwa ufunguo mdogo, robo ya mzunguko, halafu akangoja mpaka kesho yake kabla ya kugusa tena. Tundu la waya lilipolegea alilehemu mwenyewe. Betri hakuiacha ndani hata siku moja. Aihun, mkewe, alikuwa akimwambia, "Ungenipangusa mimi hivyo, ningekuzalia mapacha."

Sasa dawa ya nyuzi zilizokufa kila mpiga besi maskini wa vilima hivi anaijua. Unazivua, unaziviringisha, unazichemsha kwenye maji yenye siki kidogo, unazikausha. Zinafufuka. Si milele, lakini Jumamosi zinafika. Kwa mama yake mzazi kulikuwa na kopo la maziwa la kazi hiyo. Lakini kwetu mwanamume ndiye anayehama. Kitbok alihamia kwa mke, na Aihun ni binti wa mwisho, ndiye mwenye kurithi nyumba, kwa hiyo alihamia pia kwa mama mkwe: nyumba ya Mama Silda, paa la Mama Silda, jiko la Mama Silda. Yeye alikuja na begi na gitaa.

Jumatatu hiyo alitoka kazini mapema, akakuta nyumba tupu. Aihun alikuwa bado ofisini posta, mama mkwe alikuwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Akatafuta chombo. Kisufuria cha chai Aihun alikwisha kumwapia asikiguse. Beseni la plastiki halipandi motoni. Kwenye msumari ukutani ilining'inia sufuria kubwa nyeusi ya kibandani, safi, tupu, inamtazama.

Mama Silda ni mama ntilie. Kibanda chake kiko pale stendi ya teksi, na sufuria ile ndiyo iliyowasomesha watoto wake wote. Haioshwi kwa sabuni ya unga, haiazimwi hata na mchungaji. Na mwaka uliopita, Kitbok alipounguza tundu la umeme kwa amplifaya yake na nyumba ikakaa giza siku tatu, mama mkwe alimwambia bila kupandisha sauti: "Mkwe wangu, hilo gogo lako likiniletea balaa jingine moja, utarudi kwa mama yako nalo." Hakuwa anatania. Kwetu mwanamume kurudishwa kwa mama yake ni jambo la kawaida kama mvua, wala halihitaji wakili.

Kitbok akaitungua. Nyuzi zikachemka vizuri, maji yakawa rangi ya chai ya jana, na alipozikausha na kuzirudisha kwenye gitaa zililia kama kengele. Alifurahi mpaka akacheka peke yake. Sufuria akaisuuza mara moja, akaipangusa kwa fulana yake, akairudisha msumarini. Wanaume!

Asichokiangalia ni hiki. Mwisho wa kila uzi wa besi, pale unapozungushwa kwenye kigingi, kiwanda huvisha kikofia cha hariri nyekundu. Vya Kitbok vilikuwa vimechakaa zamani. Kwenye maji ya moto vilifumuka, na kimoja kikabaki kimeganda chini ya mdomo wa sufuria, kimejikunja na kujifunga fundo.

Jumanne asubuhi kibandani palijaa kama kawaida. Korbar, dereva teksi mwenye mdomo mpana kuliko gari lake, alikuwa amefika nusu ya sahani yake ya wali wa manjano na nguruwe wa ufuta mweusi. Akatafuna. Akasimama kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta polepole, kitu kikatoka kirefu, chekundu, chenye fundo.

"Mama," alisema, "hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki hapa."

Mama Silda akainama, akatazama. "Uzi. Labda wa shali langu."

"Shali lako la kijani."

"Basi wa mtu mwingine."

Alisema hivyo akiendelea kupakua, wala hakujua alichokisema. Lakini kibanda kizima kilisikia: wa mtu mwingine. Kijiko kimoja kikalazwa mezani, kikafuata cha pili.

Huku kwetu mtu akipata mali ghafla watu hawasemi ameiba. Wanasema anafuga joka. Joka hilo humpa mwenye nyumba utajiri, na mshahara wake ni damu za watu. Mfugaji humnyemelea mtu njiani, akamkata ncha ya nguo au nywele, akazipeleka nyumbani, akalipigia joka ngoma ndogo ili lije lile, na yule aliyekatwa anaanza kukonda mpaka anakufa. Unaweza kucheka. Sambor naye hucheka, na ana digrii, lakini kwenye soko lenye watu hukunja ncha ya koti lake mkononi. Nyumba ikishasemwa hivyo hakuna anayekula kwao wala anayeoa kwao, na wapo waliochomewa nyumba wakiwamo ndani.

Na Mama Silda alikuwa ametoka kuezeka paa jipya la bati jekundu mwezi uliopita.

Korbar akakiweka kile kiuzi ndani ya kiberiti, akakifunga, akakitia mfukoni. Akalipa bila kudai chenji. Mama Silda akamsogezea sahani ya tambuu, kama anavyomsogezea kila mteja akimaliza kula, jani, chokaa na kipande cha popoo. Korbar alikuwa mtu wa kuchukua viwili na kuomba cha njiani.

"Jino linaniuma, Mama," alisema, akatoka.

Aliyefuata naye jino lilimuuma. Siku hiyo stendi nzima iliugua meno.

Jioni Mama Silda alirudi na sufuria imejaa vilevile alivyotoka nayo. Akaitua sakafuni, akakaa kwenye kigoda, hakuvua hata shali. Nguruwe alikuwa ameganda mafuta meupe juu.

"Hawakula," alisema.

"Mvua, Mama," Aihun alisema.

"Mvua gani? Walikaa pale pale kwenye mvua wakanitazama. Mke wa mwenyekiti alipita, nikampa tambuu mkononi, mkononi kabisa, akasema amefunga. Amefunga nini, yule anayekula akiwa usingizini?" Akakaza shali mabegani. "Korbar amepata uzi mwekundu kwenye nyama. Una fundo."

Kitbok alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Chai ikapita njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi.

"Pole," mama mkwe alimwambia. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Mjomba Drosing alifika giza halijaingia. Ndiye kaka mkubwa wa Mama Silda, na nyumba ya dada yake mjomba ndiye anayeisemea, hata kama yeye mwenyewe analala kwa mkewe kama sisi sote. Alikuwa na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika na uso wa mtu aliyetoka kusikia mengi njiani.

"Wanasema joka," alisema, akakaa. "Nawaambieni walivyosema, msinikate maneno. Wanasema paa limetoka wapi. Wanasema uzi ni wa yule msichana wa duka la vitambaa anayekohoa tangu Krismasi. Na wanasema kila jioni kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hii kuna ngoma. Dum. Dum. Haina wimbo, haina mwimbaji, inadunda tu ukutani mpaka vyombo vya jirani vinatikisika."

Wote wakamgeukia Kitbok.

"Ni mimi," alisema Kitbok. "Ni mazoezi."

"Najua ni wewe, mpumbavu. Wao hawajui. Gitaa linaimba, kila mtu anajua gitaa. Hilo lako likiwa peke yake si wimbo, ni kelele ya mtu anayehamisha kabati."

Alikuwa amesema kweli. Besi bila wenzake ni hivyo. Kabla Kitbok hajajibu, kuna kitu kilipiga paa. Kwaa! Halafu kikabiringika taratibu bati kwa bati, kikaanguka uani. Jiwe. Mama Silda hakupiga kelele. Aliangalia juu tu, kwenye paa lake, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni.

Aihun alimfuata mumewe chumba cha nyuma. Alilichukua besi kitandani, akaligeuza kichwa kwenye dirisha, akatazama vigingi kimoja kimoja. Ni mwanamke anayepanga barua za mji mzima, jicho lake halipitwi na kitu.

"Hizi nyuzi zinang'aa," alisema.

"Nimezisafisha."

"Zilikuwa na kofia nyekundu. Sasa tatu hazina kofia. Umesafishia nini?"

Kitbok akakaa kitandani.

"Kitbok. Umechemshia nini?"

"Kisufuria cha chai ulikataa."

"Mungu wangu." Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kitbok alidhani analia. Alikuwa anacheka, na anacheka kwa hasira, mabega yanaruka. "Mama yangu anaitwa mchawi. Nyumba yetu inapigwa mawe. Kumbe ni wewe na supu yako ya gitaa!"

"Atanifukuza, Aihun."

"Akufukuze!"

"Nitaenda wapi? Nina shoo Jumamosi. Ngoja Jumamosi ipite tu, halafu nitasema. Watu watasahau wenyewe."

Hapo kicheko kikaisha. Aihun akalilaza besi kitandani polepole, kwa adabu kuliko alivyokuwa akimtazama mwenyewe.

"Mama yule amekupikia tangu siku uliyoingia humu," alisema. "Leo watu wamekataa tambuu yake. Unajua maana yake wewe? Mimi nikitembea posta watu watakunja nguo zao. Sema mwenyewe sasa hivi, au nitasema mimi, na nikisema mimi nitakuwa nimekufungia begi kwanza."

Kitbok akarudi kwa Mama Silda, akasema. Alisema amesimama, macho kwenye sufuria, na alieleza kila kitu: kufa kwa nyuzi, siki, fulana, vikofia. Mjomba Drosing aliacha kutafuna tambuu yake.

"Unachemsha gitaa," alisema.

"Nyuzi, Mjomba. Si gitaa zima."

"Na linapona?"

"Kwa wiki moja hivi."

Mjomba akamgeukia dada yake. "Silda, hii hatuwezi kuipeleka kwa watu. Joka wataliamini, hili hawataliamini. Mimi mwenyewe nipo hapa namsikia na siamini. Nani mwenye akili zake anachemsha gitaa?"

Mama Silda bado alikuwa kwenye kigoda. Aliingiza kidole chini ya mdomo wa sufuria, akapitisha kuzunguka taratibu, akakitoa, akakitazama. Palikuwa na unyoya mwekundu, mdogo. Kitbok akangoja kuonyeshwa mlango.

"Sufuria yangu," alisema mama mkwe. "Jasho lako la vidole, miaka yote hiyo, nimewalisha watu wa stendi."

"Nisamehe, Mama."

"Sikusamehi. Mbele ya baraza utachemsha tena. Wakuone wote ulivyo mpumbavu. Nataka wajue nyumba yangu haina joka, ina wewe tu. Halafu tutazungumza wewe na mimi habari ya begi."

Baraza la mtaa lilikaa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule. Kwetu barazani wanaingia wanaume peke yao. Wanawake husimama nje madirishani, na kwa kuwa madirisha ni mengi na vioo vingi vimevunjika, hawapotezi neno, ila hawaruhusiwi kuongeza lao. Kwa hiyo aliyetuhumiwa alisimama nje kwenye manyunyu na mwavuli, na aliyemsemea ndani ni Mjomba Drosing, aliyesema vizuri lakini kirefu mno, akaanzia kwa bibi yao mzaa bibi.

"Drosing," mwenyekiti Stodar alimkata, "tufike kwenye sufuria."

Jiko la gesi liliwekwa juu ya meza ya mwalimu. Kitbok akazivua nyuzi zake mbele ya wanaume wote wa Lumsohiong, akiwa na jasho hadi masikioni. Umewahi kuvuliwa nguo hadharani? Mpiga besi akivuliwa nyuzi ni hivyo hivyo. Gitaa likabaki uchi mezani na shingo yake ndefu, na mtu mmoja nyuma akasema, "Masikini, linatia huruma," watu wakacheka, si kicheko kizuri.

Uzi ule mnene kuliko wote ulikuwa bado na kofia yake. Akautia pamoja na wenzake kwenye sufuria ile ile, na siki. Maji yakachemka. Ukumbi ukanuka achari na kutu. Wazee walisogea, wakainamia sufuria vichwa kwa vichwa kama wanaotazama mtoto mchanga. Baada ya muda kitu chekundu kikaelea juu, kikajikunja.

"Korbar," mwenyekiti aliita, "lete kiberiti chako."

Korbar akakifungua kwa kucha. Wakaviweka viwili hivyo juu ya daftari la mahudhurio. Ndugu wa tumbo moja. Mwenyekiti akavua miwani, akavaa tena, akaguna.

"Kwa hiyo mimi nimekula nini?" Korbar aliuliza.

"Besi," alisema Mjomba.

Sasa walicheka vizuri kidogo. Pangeishia hapo pangekuwa salama, lakini Korbar si mtu wa kuchekwa akakubali. Akasimama.

"Sawa. Uzi tumeuona. Na ngoma je? Mimi naishi ukuta kwa ukuta na nyumba ile. Kila jioni dum, dum. Hiyo nayo imetoka kwenye siki?"

Kicheko kikafa. Kuna mzee alikunja ncha ya shali lake, kimya kimya, akaiweka chini ya kwapa.

"Piga," mwenyekiti alimwambia Kitbok. "Unachopiga jioni. Hicho hicho, usitudanganye."

Kitbok akazirudisha nyuzi zingali za moto, zinamuunguza. Akachomeka waya kwenye amplifaya yake ndogo, ambayo kwenye umeme wa shule inaunguruma kabla hujaigusa, na alipoigusa ikamtingisha kwa shoti, akasema neno ambalo barazani halisemwi. Alikuwa na nyimbo kumi na mbili za bendi kichwani, za kelele na nywele ndefu. Lakini ameambiwa asidanganye.

Akapiga. Dum. Dum-dum. Dum.

"Hiyo!" Korbar aliruka. "Ndiyo hiyo! Mmesikia? Ndiyo hiyo hiyo!"

"Ndiyo," mwingine alisema. "Hata kwangu hufika."

Wawili watatu walisimama. Mmoja alisema lile jina la joka ambalo halisemwi ndani ya nyumba. Mjomba Drosing akashika mwavuli wake kama rungu. Kitbok aliwaona, akajua anatakiwa aache, na hakuacha, kwa sababu mpiga besi aliyefundishwa vizuri haachi katikati ya ubeti hata jukwaa likiungua. Aliendelea, akashuka, akapanda hatua mbili, akashuka tena. Na midomo yake, bila yeye kujua, ilikuwa inahesabu do na so kama alivyofundishwa utotoni.

Nje, mwanamke akaanza kuimba.

Sauti nyembamba, ya uzee, imepasuka kidogo juu. Mama Silda hakuruhusiwa kusema barazani. Hakuna aliyewahi kupitisha sheria ya kukataza kuimba. Alikuwa amesimama dirishani na mwavuli wake, anaimba wimbo wa kitabu cha kanisa, ule wa mazishi na wa mavuno, ambao mtoto wa kwetu anaujua kabla hajajua jina lake kamili. Na ulikaa sawasawa juu ya zile dum dum, silabi kwa silabi, kama mfuniko kwenye chungu chake.

Akina mama wengine wakaingia kwenye ubeti wa pili, hawawezi kujizuia, ni kama kupiga chafya. Wa sauti ya pili wakajipanga dirisha la kushoto. Ndani, mwimbaji wa sauti ya tatu akajikohoza. Halafu ikaonekana aibu kubwa kwenye nyuso za wale wanaume waliosimama, kwa sababu kila Jumapili wao ndio wanaosimama safu ya nyuma kanisani kuiimba sauti ya chini, na walikuwa wanaisikia ikipigwa pale noti kwa noti. Tangu masika wameisikia ukutani, sauti yao wenyewe, bila maneno, hawakuitambua.

Korbar ni besi wa kwaya. Alikaza midomo mistari miwili mizima. Mguu ukamsaliti kwanza. Mwishoni mdomo ukafunguka, na noti ya mwisho akaishikilia peke yake baada ya wote kunyamaza, kama kawaida yake, kiasi kwamba mchungaji angekuwepo angemkanyaga.

"Unafanyia mazoezi nyimbo za kanisa?" Sambor, aliyekaa mstari wa mbele kwa niaba ya bendi, aliuliza kwa uchungu.

"Besi yake imeandikwa kitabuni," Kitbok alisema, ameinamisha kichwa. "Bure."

Mwenyekiti akagonga meza. "Baraza halikuona joka. Limeona mpumbavu mmoja. Aliyetupa jiwe atakwenda kubadilisha bati, namjua, asinilazimishe kumtaja. Kikao kimefungwa. Na wewe, nunua nyuzi!"

Alasiri bendi ilipiga uwanjani. Nyuzi zilizochemshwa mara mbili wiki moja haziwi na imani tena, na ule mwembamba ulikatika kwenye wimbo wa kwanza kabisa, ukamchapa Kitbok shavuni. Alimaliza shoo nzima na nyuzi tatu. Hakuna aliyegundua. Wakiwa wanakunja waya, Sambor alimpiga begani, akamwambia, "Leo umepiga safi kuliko siku zote."

Kitbok aliendelea kukunja waya. Alikuwa anafikiria begi.

Jumatatu Korbar alikuja kibandani wa kwanza. Aliagiza, akala, lakini kila kipande cha nyama alikigeuza kwa uma pande zote mbili kabla ya kukitia mdomoni, na mpaka leo hula hivyo. Alipomaliza Mama Silda alimsogezea sahani ya tambuu, akaishikilia pale, haitikisiki. Stendi nzima ilikuwa inatazama ile sahani. Korbar akachukua kimoja. Akatia shavuni, akachukua cha pili, akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka mezani pale tambuu ilipokuwa.

"Jino limepona," alisema.

Kitbok alirudi kutoka kazini jioni na kukuta begi lake liko pale pale juu ya kabati, na vumbi lake. Aihun alikuwa anakata vitunguu, akamwonyesha kwa kisu, bila kugeuka, upande wa jiko. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na kisufuria cha zamani, kimebonyea ubavu, kile alichokuwa akiwachemshia wanawe maziwa. Kwenye mpini wa kisufuria alikuwa amefunga ule uzi mwekundu wenye fundo, aliourudisha Korbar.

"Hiki chako," alisema. "Chemshia gitaa, chemshia viatu, sitaki kujua. Ile kubwa ukiigusa, nakuapia, utalala kwa mama yako siku hiyo hiyo."

Kitbok alikipokea kwa mikono miwili. Miaka yote katika nyumba ile hakuwahi kuwa na hata kijiko cha kusema ni chake. Akakipangusa kwa fulana yake, kisha akapangusa macho.

"Usinililie jikoni," Mama Silda alisema. "Kakining'inize."

Akageuka. Msumari ulikwisha kupigwa ukutani, upande ule ule wa sufuria kubwa, ila si karibu sana.